Matanga Kwa Bwana Ndovu

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizipokea zikiwa zimeshachakaa, wanyama walijenga nyumba, wakalima, wakaoana na kuzikana kama sisi. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, maliza kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele.

Palikuwa na wakubwa wawili. Bwana Ndovu alikaa kwenye mlima wa kaskazini, na migomba yake ilikuwa haina idadi. Bwana Kifaru alikaa kwenye mlima wa kusini, na mashamba yake ya viazi ungeyatazama mpaka macho yachoke. Walichukiana, tena sana, lakini hawakupigana. Walikwisha kupigana mara moja ujanani, kila mmoja akalala kitandani masika mazima akilishwa uji, na tangu siku hiyo kila mmoja akaujua vizuri uzito wa mwenzake. Wakikutana njiani waliamkiana kwa tabasamu, halafu kila mmoja akarudi kwake na hofu yake tumboni.

Katikati ya milima hiyo palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na udongo wa chumvi ambao wanyama wote huulamba. Ndovu aliutaka uwe wake peke yake. Kifaru naye aliutaka uwe wake peke yake. Lakini bonde lilikuwa na wenyewe: nguchiro ng'ambo hii ya kijito, pimbi ng'ambo ile. Viumbe wadogo tu, ungeweza kumbeba mmoja kwapani ukaenda naye sokoni.

Huko bondeni aliishi Bi Mashavu, nguchiro mjane mwenye watoto wawili wa kiume, Kheri na Sudi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukujua likizo. Jirani yake wa ng'ambo alikuwa Bi Nyamvula, pimbi. Walichota maji kisima kimoja miaka na miaka, wakiazimana ungo na mwiko, na kupeana habari zote za bonde, za kweli na za kuongezwa.

Kiangazi kimoja, pimbi walikaa kwenye chumvi kupita zamu yao. Nguchiro wakanuna, maneno yakatupwa, chungu kimoja kikavunjika. Ulikuwa ugomvi wa majirani, ule unaoisha kabla ubwabwa haujapoa. Huu haukuisha, kwa sababu Ndovu aliusikia.

Ndovu akateremka bondeni na mikungu ya ndizi. Akawaambia nguchiro kwamba amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na mnayajua masikio ya ndovu, kuwa pimbi wanataka kuwafukuza wote. Akapika ndizi za nazi, akawaita vijana wa kinguchiro wale naye sinia moja. Kheri, ambaye hakuwa na baba, akawekwa ubavuni pake. Walipomaliza kunawa, Ndovu akasimama mbele ya wote.

"Kuanzia leo vijana hawa ni wanangu," alisema. "Wakiumia wao, nimeumia mimi."

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika nchi ile, mkubwa akila nawe sinia moja na kukuita mwanangu mbele za watu, basi wewe ni mwanawe kwelikweli, na halitenguki. Kila mtu alilijua hilo. Ndovu pia alilijua, ila siku ile mawazo yake yalikuwa kwenye chumvi.

Akawaachia mafungu mawili ya mikuki. Habari zikamfikia Kifaru, naye akateremka kwa pimbi na sinia la viazi, akasema maneno yale yale, akawaachia mafungu matatu. Ndovu kusikia matatu, akaleta manne. Mkiniuliza nani alianza, mimi sijui, na wao wenyewe walikuwa hawakumbuki tena.

Vita vikaja. Vijana waliocheza pamoja wakiwa wadogo wakawa wanaviziana vichakani. Mashamba yakaota magugu. Kisima kikajaa tope. Na ule udongo wa chumvi wenyewe ukakanyagwa na kuchanganyika na kinyesi, hata hakuna aliyeulamba tena. Huko juu milimani, Ndovu aliendelea kunywa chai yake asubuhi, na Kifaru aliendelea kuota jua.

Jumanne moja Kheri akachomwa mkuki, akafa. Hatua kumi kutoka pale alipoanguka, Mbwana mtoto wa Bi Nyamvula alichomwa naye, akafa saa hiyo hiyo. Walizikwa mbio mbio, huku wazikaji wakitazama nyuma. Matanga hayakukaa, maana nani angekaa mkekani na vita viko mlangoni?

Ndovu akamtuma mjumbe wake, ndege korongo, na salamu za pole. Pamoja na salamu akatuma mafungu mengine mawili ya mikuki, na mkuki mmoja ulikuwa wa Sudi. Ijumaa inayokuja, korongo akasema, Sudi naye aingie vitani amlipie ndugu yake kisasi.

Bi Mashavu aliutazama mkuki ule. Kisha akamtazama Sudi, sharubu ndio kwanza zinamtoka, anaunoa huku anaimba. Amebakiwa na mmoja tu. Akavaa kanga yake ya msiba, akapanda mlima.

Alimkuta Ndovu uwanjani kwake, kumefagiliwa safi, jikoni majungu yanachemka. Akamwamkia, akamwomba avimalize vita.

Ndovu akacheka taratibu. "Vita si vyangu, Bi Mashavu. Ni vyenu na pimbi. Mimi nasaidia tu."

Hasira zilimpanda Bi Mashavu, akazimeza. Akageuza macho polepole, akaitazama ile migomba isiyo na idadi, akayatazama majungu, akautazama uwanja, mpana, wa kutosha mikeka mingi. Hapo ndipo wazo lilipomjia.

"Sawa, Bwana Ndovu," alisema kwa unyonge. "Ila huko bondeni wapo wanaosema Kheri hakuwa mwanao. Wanasema ulitamka tu siku ile, ili ashike mkuki. Mimi nimewabishia mpaka nimechoka."

Hilo lilimchoma Ndovu kwenye sifa zake. Akawaita korongo wote, akawaita jamaa zake wote, akapaza sauti mpaka majani ya migomba yakatikisika. "Kheri alikuwa mwanangu! Asiyeamini aje aniulize mimi."

"Ahsante, baba Kheri," alisema Bi Mashavu, akateremka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kisimani, akakaa ukingoni kungoja. Alasiri Bi Nyamvula akaja na ndoo, naye amevaa kanga ya msiba. Walikuwa hawajasemezana miezi miwili. Wakatazamana. Bi Nyamvula akaweka ndoo chini.

"Wa kwako alikuwa anapenda togwa yangu," alisema.

"Na wa kwako alivunja dirisha langu mara tatu," alijibu Bi Mashavu, na wote wawili wakalia pale pale topeni, wameshikana.

Walipofuta machozi, Bi Mashavu akamweleza alilokuwa nalo. Bi Nyamvula akasikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Mwisho akauliza swali moja tu: Kifaru naye si alitamka mbele za watu? Alitamka. Basi, wakaagana, kila mmoja akaenda kwa ukoo wake.

Asubuhi, bonde zima likatangaziwa: matanga ya Kheri yako kwa baba yake, Bwana Ndovu, na matanga ya Mbwana yako kwa baba yake, Bwana Kifaru. Na matanga yakikaa kwa mkubwa, vita husimama, ndiyo desturi.

Loo, mngewaona! Nguchiro walipanda mlima na mikeka, na watoto, na wakwe. Nyuma yao wakaja ngiri, wakaja nyani, ambao hawajakosa msiba hata mmoja tangu dunia iumbwe. Wakatandika uwanja mzima. Wakalia kwa sauti. Halafu wakanyamaza, wakatazama jikoni.

Ndovu alibung'aa. Angesema nini? Mfiwa hafukuzi waombolezaji. Mfiwa hulala chini, na hatii kitu kinywani mpaka wageni wameshiba. Siku ya kwanza alijikaza, akawapikia ndizi. Siku ya tatu, migomba ya upande wa mashariki ilikuwa vishina vitupu. Siku ya sita Ndovu mwenyewe hakuwa ameonja kitu, kwa sababu nyani hawakushiba.

Siku ya saba akasema imetosha, anaanua matanga.

Bi Mashavu akainuka mkekani. Alimkumbusha kwa upole desturi ambayo kila mtu aliijua: siku ya kuanua, baba wa marehemu husimama akawaeleza watu mwanawe alikufa kwa nini. Asipoeleza, matanga hayaanuliwi.

"Alikufa kwa mkuki wa pimbi," alisema Ndovu upesi.

"Na pimbi aliupata wapi?"

"Kwa Kifaru."

"Na mwanao alikuwa na mkuki wa nani, na alikuwa anapigania nini?"

Waombolezaji wakangoja. Ndovu akarudi mkekani, akakaa. Nao wakakaa. Majungu yakarudishwa motoni, na migomba ya upande wa magharibi ikaanza kuliwa.

Kitu kimoja tu kilimpa Ndovu nguvu siku zile, kuwazia jinsi Kifaru atakavyomcheka akisema ukweli. Hakutaka kuchekwa. Lakini siku ya tisa korongo akaja kumnong'oneza kwamba mashamba ya viazi ya Kifaru yamechimbuliwa yote, na Kifaru mwenyewe amebaki ngozi na pembe, kila siku anaulizwa swali lile lile na mama mmoja wa kipimbi.

Sudi alikuwa ameketi mbele yake, karibu na mama yake, ameulaza ule mkuki mapajani. Ndovu akamtazama kijana yule, nadhani kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri, akaona jinsi alivyo mdogo.

Akasimama. Safari hii hakupaza sauti.

"Kheri alikufa," alisema, "kwa sababu mimi niliitaka ile chumvi, na kupigana na Kifaru mwenyewe nilikuwa naogopa."

Hakuna aliyemzomea. Sudi aliyageuza maneno yale kichwani, akautazama mkuki wake kama kitu alichookota njiani bila kujua ni cha nani. Akainuka, akaenda akauweka miguuni pa Ndovu. Vijana wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka lundo likafika magotini mwa yule mkubwa. Bi Mashavu akaongeza na ule wa Kheri, wenye damu iliyokauka kwenye mpini. Vitu vya marehemu hurudi kwa baba yake, nayo pia ilikuwa desturi.

Wakakunja mikeka, wakateremka. Jioni hiyo moshi ulionekana mlima wa pili: Kifaru naye amesema, na anachoma lundo lake la mikuki. Yeye na Ndovu wanachukiana mpaka leo, lakini tangu hapo wakubwa wale wakitaka kugombana ilibidi waende wenyewe, na kwa sababu kila mmoja anaijua pembe ya mwenzake, hawakwenda.

Kesho yake Bi Mashavu na Bi Nyamvula walishuka kisimani na majembe, wakaanza kuzoa tope. Sudi alikuwa humo ndani anajaza ndoo, nao wanazivuta. Kazi ilichukua siku tatu. Maji yalipotoka safi, Bi Nyamvula akaleta kibuyu cha togwa, akamimina vikombe vitano. Wao walikuwa watatu. Vile viwili vilivyobaki hakuna aliyevigusa. Bi Mashavu, ambaye mdomo wake haukujua likizo, siku hiyo hakusema neno mpaka jua likatua.

Nanyi wanangu, mkubwa akikuita mwanangu siku anayokupa mkuki, mwulize kwanza kama matanga yako yatakaa kwake.