Mikanda Mitatu ya Fisi

Zamani, katika miaka ambayo nyika ilikuwa na kamati ya ngumi lakini haikuwa na mvua, visima sita kati ya saba vilikauka kwa mfuatano: cha kwanza mwezi wa pili, cha sita mwezi wa tisa. Kisima cha saba kilitoa maji safi kidogo kila asubuhi, kisha kikatoa tope. Waliofika kwanza walikunywa. Waliofuata walikunywa kitu chenye rangi. Waliobaki walitafuna.

Simba, aliyekuwa mfalme na pia mwenyekiti wa kamati, alitoa amri: nyumba ya bondia bora kuliko wote itakunywa kwanza mpaka mvua itakaporudi. Yeye mwenyewe hakushindana, kwa kuwa mfalme hupelekewa maji kitandani. Isitoshe, alikuwa bingwa wa uzito wa juu kwa miaka kumi na mmoja bila pambano hata moja; kila aliyeitwa kumkabili alituma salamu na cheti cha daktari.

Wawili walijitokeza. Wa kwanza alikuwa Nyegere, mama wa watoto wawili ambao midomo yao ilikuwa imeanza kupasuka kwa kiu. Alipigana katika uzito wa kilo kumi tu: mapambano arobaini na moja, ushindi arobaini na mmoja. Wa pili alikuwa Fisi, aliyekuja amevaa mikanda mitatu juu ya tumbo moja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Fisi alianza, "huyu mama ameng'ang'ania uzito mmoja kama kupe kwenye sikio. Mimi nimetawala uzito wa nzi, uzito wa unyoya na uzito wa kati. Tatu kwa moja! Hiyo ni hesabu ya chekechea."

"Aliyepanda uzito akampiga aliyemkuta huko, mimi namvulia kofia," Nyegere alijibu. "Lakini wewe, huko ulikopanda ulimkuta nani?"

"Tulia, shemeji."

"Nani shemeji yako?"

Sungura, katibu wa kamati, alifungua daftari na kuchonga kalamu yake taratibu. "Bwana Fisi, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Katika uzito wa nzi, mpinzani wako alikuwa nani?"

"Nzi."

Nyani, aliyeketi mbele ya watazamaji, alikohoa.

"Ulimpigaje?"

"Alitua puani mwangu. Nikapiga chafya. Hakuamka."

"Na uzito wa unyoya?"

"Unyoya wa kanga. Pambano gumu mno! Raundi kumi na mbili, na upepo ulikuwa upande wake. Raundi ya nne uliniingia jichoni, nikadhani nimekwisha. Nilishinda kwa pointi."

"Nani alitoa pointi?"

"Mimi. Niliuomba unyoya utoe, ukakaa kimya."

"Uzito wa kati?"

"Kobe. Nilimkuta katikati ya njia. Nilipomkaribia akaingiza kichwa ndani. Nikahesabu mpaka kumi, hakukitoa."

Nyika nzima ilicheka. Nyegere alimtazama Simba, akitarajia naye acheke ili jambo hilo liishe. Simba hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba, mara tu itakapokubaliwa kuwa mkanda unahitaji mpinzani wa kweli, mtu atauliza habari za mkanda wake.

"Kanuni haisemi mpinzani awe na mifupa," alitamka kwa kiburi. "Mikanda ni mitatu. Bondia bora ni Fisi."

Nyegere aliwatazama wanawe, akakaza taya. Fisi alikwisha kugeuka kuelekea kisimani, ulimi nje, wakati Sungura alipoinua mkono.

"Uamuzi wa Mheshimiwa hauna dosari. Kilichobaki ni utaratibu. Kanuni ya tano: bingwa hutambuliwa akiwa ndani ya uzito wake. Kwa hiyo Bwana Fisi atapimwa kwanza, kisha atakunywa. Na sote tunajua kwamba hakuna bondia anayekunywa maji kabla ya kupimwa."

"Hakuna!" alisema Fisi kwa sauti ya mzoefu, maana hakuwahi kupimwa hata siku moja.

Mzani ulikuwa gogo refu lililolazwa juu ya jiwe. Fisi aliketi upande mmoja. Upande wa pili, Sungura aliweka nzi mfu. Gogo halikutikisika.

"Bado kidogo," alisema Sungura.

Fisi alivua mikanda yote mitatu. Bado kidogo. Alinyoa sharubu. Bado kidogo. Aliambiwa kuwa mabondia hukimbia ili kutoa jasho, akakizunguka kisima mara mia moja na sitini, na katika kila mzunguko aliyaona maji na maji yakamwona. Alirudi saa sita mchana akihema, akaketi.

"Unakaribia?" Nyani aliuliza.

"Anakaribia," Sungura alithibitisha. "Zimebaki kilo hamsini na saba."

"Mkanda wa nzi nauachia!" Fisi alilia. "Andika! Ulikuwa ukinibana hata hivyo. Nipimeni kwa unyoya."

Sungura aliuondoa mwili wa nzi kwa heshima, akaweka unyoya. Nyani alimtia moyo Fisi kwamba sasa mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa unyoya ni mzito kuliko nzi. Kabla gogo halijatulia, upepo ulivuma na kuuchukua unyoya.

"Mpinzani ameondoka mzanini," alisema Sungura. "Tumsubiri arudi, au—"

"Nauachia! Nauachia na huo! Mimi ni wa uzito wa kati, basi. Nipeni maji."

"Kati ya nini na nini?"

Fisi alimtazama Simba. Simba alijikuna shingo. "Kati ya uzito wa chini na uzito wa juu, bila shaka."

"Ahsante, Mheshimiwa. Wa chini ni Nyegere, wa juu ni wewe. Bwana Fisi yumo ndani ya uzito wake. Hongera sana!" Sungura alifunua ukurasa. "Kanuni ya sita: kabla bingwa hajanywa, mwenye kutaka kumpinga ajitokeze. Yupo?"

Nyegere alikwisha kusimama ulingoni.

"Wewe ni wa kilo kumi," Simba alimkemea. "Hujapanda uzito maisha yako yote."

"Sikuwa na sababu, Mheshimiwa. Leo ninazo mbili, na zote zina kiu."

Nyani aligonga debe. Fisi alikuwa na karibu kilo sita kwa kila moja ya Nyegere, lakini alikuwa pia na mizunguko mia moja na sitini miguuni na koo kama jivu. Alirusha ngumi moja, ikapita juu. Nyegere aliingia chini ya mkono huo na kumpiga kidevuni mara moja. Fisi aliketi.

"Nimeamua tu kupumzika," alifafanua.

"Moja," Sungura alianza kuhesabu. "Mbili. Tatu."

"Bwana Katibu, pambano hili linakwisha lini?"

"Ukisimama, baada ya raundi kumi na moja nyingine. Usiposimama, nikifika kumi. Nne."

"Na likiisha, naruhusiwa kunywa?"

"Kila mtu anaruhusiwa. Tano."

"Mbona unahesabu kama unavuta kamba, ndugu yangu?" alisema Fisi, akamalizia mwenyewe kwa pumzi moja: "Sita-saba-nane-tisa-kumi!" Akaruka, akakimbilia kisimani.

Vichwa viwili vidogo vilikuwa vimekwisha kuzama ndani ya maji. Nyuma yao alisimama mama yao, akisubiri washibe kwanza, na nyuma yake foleni ilifika mpaka kichakani. Nyani alimshika Fisi bega na kumwonyesha mwisho wa foleni. Zamu ya Fisi ilipofika jioni, alitafuna.

Tangu siku ile, mtu akija nyikani na mikanda mingi, wanyama hawaihesabu. Humuuliza alimpiga nani, kisha humtazama usoni anapojibu.