Tajiri Aliyekaribishwa Kiriro

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Muntasir bin Ghalib, mpole wa ulimi na mzito wa kuamua, na uzito wake huo hunikera upya kila ninapoisimulia hekaya hii.

Tajiri Shamlani, mwenye pete iliyomfunga jini Barkushi, alipanda mlima wa Kiriro akapiga hodi kwa Bi Mkunde, mkulima wa magimbi, naye akamjibu kama walivyolelewa watu wa huko, "Karibu baba, hapa ni kwako." Basi yule asiye na haya akawashuhudisha watumishi wake kwamba amepewa mlima, na papo hapo akamwamuru jini ajenge matanuri ya kuyeyushia chuma, na jini akang'oa msitu upate kuwa kuni, na akaigeuza chemchemi ikapoze vyuma, na magimbi yakakauka, na wenye mashamba wakawa wachukuzi wa mkaa kwa ujira wa bakuli la uji.

Bi Mkunde akateremka hadi barazani kwa Sultani, jembe begani, kuidai chemchemi.

"Ewe mtukufu Sultani," akasema Shamlani, "neno lake mwenyewe ndilo hoja yangu."

"Hilo ni neno la adabu tu," akasema Bi Mkunde. "Hata mbuzi wangu analijua."

Sultani akapiga miayo. "Kadhia hii ni nzito. Rudi mwezi ujao." Akarudi, akaambiwa yale yale, akarudi tena, na Sultani kwa upole wake akamwambia, "Karibu mama, hapa ni kwako."

Bi Mkunde akashusha jembe, akaanza kupasua marumaru mbele ya kiti cha enzi. Askari wakamshika.

"Niacheni," akasema. "Nimepewa, na baraza zima limesikia. Natafuta maji."

"Lakini mimi nilikuwa nakukaribisha tu," akasema Sultani.

"Na mimi nilikuwa namkaribisha tu."

Sultani akaona haya mpaka masikioni, akaivua pete kidoleni mwa Shamlani na kumpa Bi Mkunde. Jini akasujudu. "Bibi yangu, maji nitayarudisha leo. Msitu siuwezi, miti huota yenyewe."

Bi Mkunde akamwacha huru, na Shamlani akapewa jembe akapande miche. Sultani naye akaleta posa, akajibiwa kwamba bibi ana kazi. Kiriro ikaneemeka, ila kivuli walikipata wajukuu. Na hadi leo, mgeni akipiga hodi huko hukaribishwa kwa uchangamfu ule ule, na huambiwa, "Karibu, hapa ni kwetu."