Pembe Ukutani

Watu wa bonde moja huko milimani walikuwa na mfereji mmoja na pembe moja ya tandala. Pembe ikilia, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, wakapanda mpaka chanzoni kuzibua tope. Kazi hiyo waliiita msaragambo. Na tajiri wa shamba la juu alipoyaziba maji, pembe hiyohiyo iliwakusanya mlangoni kwake. Jua lao, mvua yao, wakakaa mpaka akayafungulia.

Mpiga pembe aliitwa Mbonea. Wakamchagua awe msimamizi wa maji yote. Naye alikuwa mtu mwema, msidhani nawasimulia habari za mwizi! Aliwapenda kweli. Akaajiri vibarua wa kuzibua mfereji, akawaambia watu wapumzike, wameteseka vya kutosha. Wakapiga vigelegele. Waliokuwa na ndimi kali akawapa kazi ofisini kwake. Pembe akaitundika ukutani, kwa heshima. Aliyenung'unika alinyamazishwa na jirani zake: anamsemaje Mbonea, mwenzao? Basi majembe yakaota kutu, na watoto wakakua hawaijui njia ya chanzoni.

Ukaja ukame. Yule tajiri akayaziba maji tena. Mbonea akapanda kwenda kumkabili. Tajiri akafungua mlango, akachungulia nyuma ya Mbonea, asione mtu. Akafunga.

Kulikuwa na mjane, Nakijwa, ambaye maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Hakuwa na shamba jingine, wala wa kumlisha. Aliposikia Mbonea amefungiwa mlango, aliingia ofisini, akapanda juu ya kigoda, akaishusha pembe. Mbonea akamsihi asubiri, kwamba shauri hilo analo yeye mkononi. Nakijwa akafuta vumbi kwa kanga yake, akasema:

"Mbonea baba, tulikutuma utushikie maji. Pembe hatukukupa."

Akapuliza. Pembe ikatoa pumzi tupu, na utando wa buibui. Loo, aibu gani ile! Akapuliza tena, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, pembe ikalia. Wakatoka watu wachache, wengine mikono mitupu, wakiulizana njia. Nakijwa akatangulia kwenda mlangoni kwa tajiri. Mbonea akafuata nyuma, na jembe la kuazima begani, na kila walipopita nyumba, akatoka mwingine.

Ninyi mliomkalisha mwenzenu kitini, mkarudi nyumbani kulala, nawauliza: pembe yenu mmeiacha kwa nani?