Koti Nililomvisha Mzee Kalisti

Hapo zamani, na zamani yenyewe haiko mbali maana shati nililovaa siku hizo bado ninalo, palikuwa na fundi picha mmoja katika kimji kilichoota kando ya shamba la mkonge. Juu ya mlango wake aliandika: MTAALAMU WA PICHA ZA KISASA. Hakuwa mtaalamu. Najua, kwa sababu fundi huyo ni mimi, Pankrasi, na ni afadhali niungame mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Jumatatu alikuja Bibi Senorina, mjane wa mzee Kalisti, mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa na wiki saba na hakuwa na jina. Tulimwita Mgeni tu. Katika ukoo wao mtoto hatajwi jina mpaka aonyeshwe uso wa babu yake, na babu akiwa amekufa, aonyeshwe picha. Picha ya mzee Kalisti ilikuwa moja tu duniani, ndogo kama stempu, imebandikwa kwenye kitambulisho chake cha kazi na imeingia ukungu.

"Pankrasi mwanangu," akasema Bibi, "nitengenezee huyu mzee aonekane. Padre anakuja kigangoni kubatiza Jumapili, na akiondoka harudi mpaka miezi mitatu ipite."

"Bibi, ondoa shaka," nikasema. Neno hilo nimelitumia sana maishani, na kila nilipolitumia, shaka ilianzia hapo.

Nikaichukua kamera, nikaipiga picha ile picha. Hapo sikukosea. Kisha nikachukua kitambaa chenye maji, nikapangusa ukungu kwenye kitambulisho. Nilipoinua kitambaa, uso wa mzee Kalisti ulikuwa kwenye kitambaa. Nilipokitandaza ili nimwokoe, akapotea hata huko.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba kwenye kompyuta yumo. Nikafuta ukungu. Nikafuta na doa jeusi la shavuni. Nikamvisha koti na tai nyekundu, kwa sababu sisi mafundi wa huku kila marehemu tunamvisha koti, hata kama alikufa bila kufunga kifungo cha shingo maishani mwake. Nikafuta kadi ya kamera nipate nafasi ya picha za kipaimara. Ikabaki faili moja, ndani ya flashi moja ninayotunzia kazi zangu.

Sasa ilibaki kuitoa ile kazi iwe picha ya kawaida, ya kufunguka popote. Nikabonyeza pa kutolea. Kompyuta ikaniuliza maswali manne kwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hilo darasa lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Nikaona haya kuuliza watu. Basi nikaiendea faili ya kazi, nikafuta herufi za mwisho wa jina lake, nikaandika zile herufi ambazo picha huwa nazo. Niliibatiza. Mungu anisamehe, niliamini kabisa kwamba jina jipya lingeleta kiumbe kipya.

Jumatano Bibi akaja na Mgeni. Nikabofya. Haikufunguka.

"Mbona mzee hatokei?" akauliza.

"Kompyuta imechoka, Bibi. Njoo kesho."

Kesho yake akaja. Nikabofya. Haikufunguka. Nikamwambia yote: kitambaa, koti, kadi ya kamera. Yote isipokuwa lile la kubadili jina, maana hilo ndilo pekee nililoliona la kitaalamu.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, akampakata Mgeni, akasema kwa sauti ya kusikika barazani: "Atakayenirudishia uso wa mume wangu ndiye atakayemtaja mtoto huyu jina. Awe nani, awe wa dini gani."

Akaja Severini, fundi simu wa mlango wa pili. Akachomeka flashi. Akabofya. Haikufunguka.

"Virusi hivi, kaka," akasema. "Dawa yake ni kufuta flashi yote, tuanze upya."

"Muanze upya na nini?" akauliza Bi Mwantumu, anayechoma vitumbua kibarazani kwangu.

"Mama, haya si mambo ya unga."

Nami nikasema, "Futa." Nawaambia ukweli mbele ya Mungu, nilisema futa. Severini akachomoa flashi aende nayo kwenye mashine yake, akaiweka mezani anywe maji kwanza. Alipogeuka, flashi haipo. Tukapekua droo, tukapekua mifuko, tukainua hata zulia. Bi Mwantumu akageuza vitumbua vyake.

Jumamosi asubuhi akaingia Bi Mwantumu akiwa na Mwalimu Editruda, anayefundisha kompyuta sekondari. Bi Mwantumu akafungua pindo la khanga, flashi hiyo. Ikiwa na mafuta kidogo.

Mwalimu akabofya. Haikufunguka. Lakini yeye hakusema virusi. Aliifungua faili ile kwa programu ya kuandikia, ikajaa michoro isiyosomeka, ila mwanzoni kabisa palisomeka jina la programu ninayofanyia kazi. Akanitazama.

"Pankrasi, ulibadili jina la faili?"

"Kidogo."

"Kidogo! Hii haikuharibika. Ni faili yako ya kazi, nzima kabisa, uliyoipa jina la picha. Kompyuta inatafuta picha humu, haioni. Nilikisia hivyo tangu Alhamisi, habari ziliponifikia."

"Sasa mbona hukuja kusema?"

"Ulinipiga picha ukanipaka weupe mpaka wanafunzi wangu wakauliza yule mzungu ni nani. Nilitaka utokwe jasho kidogo."

Akairudishia faili jina lake. Lakini programu yangu ilikuwa ya majaribio, na siku zake ziliisha Ijumaa. Mwalimu alijua ugonjwa, dawa hana. Tukamwita Severini. Alipanda juu ya bati na simu yake kutafuta mtandao, jua la saa sita likimchoma kisogoni, akapakua programu nyingine ya bure, akashuka, akajibu yale maswali manne moja moja. Akabofya.

Ikafunguka.

Bibi Senorina akasogea. Akatazama. "Huyu ni nani? Diwani?"

Bi Mwantumu akasema toka mlangoni, "Si mumvue koti kwanza?"

Kumbe kazi yangu yote ilikuwa imelazwa tabaka juu ya tabaka, kama shuka, na chini kabisa mzee hajaguswa. Sikulipanga hilo, ndivyo programu ilivyotaka. Severini akaondoa koti. Akaondoa tai. Akaondoa usafi wangu wa shavuni, na lile doa likarudi.

Bibi akaweka kidole kwenye kioo, juu ya doa. "Huyo. Mashine ya mkonge ilimpiga hapo mwaka tuliooana." Akamgeuza mtoto. "Kalisti, mjukuu wako."

Basi ikaja Jumapili, na mlangoni pa kanisa wakaanza kubishana nani amtaje mtoto jina.

"Aliyeifungua ni mimi," akasema Severini. "Nimeungua juu ya bati. Kutaja ugonjwa si kutibu."

"Ungetibu nini?" akasema Mwalimu. "Wewe ulisema virusi. Bila mimi mngekuwa mnaifanyia maombi mpaka leo."

"Na mimi?" akasema Bi Mwantumu. "Mngejua nini, mngefungua nini, kama isingelala kwenye pindo langu? Na koti nani alisema livuliwe?"

"Mama, ile flashi uliiba," akasema Severini.

"Niliwaibia wajinga wawili waliotaka kumuua mzee mara ya pili. Aliyejua tangu Alhamisi akakaa kimya ana jina gani?"

Hapo nami nikaona nisipitwe. "Ndugu zangu, aliyempiga picha mzee kabla ukungu haujammaliza ni nani?" Wote watatu wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Tukaingia. Bi Mwantumu akakaa benchi la nyuma na mtandio wake. Bibi akasimama kwenye kisima cha ubatizo, mtoto mikononi, picha ya mzee mwenye doa ikiegemezwa hapo. Padre akachota maji.

"Jina la mtoto?"

Bibi akageuka, akatutazama wanne: mama aliyeficha kwa kuiba, mwalimu aliyejua akanyamaza, fundi aliyefungua alichotaka kukifuta, na mimi. Nasema kwa aibu kwamba aliyesimama wa kwanza ni mimi.

Maji yanachuruzika kwenye vidole vya padre, Mgeni ameanza kulia, na Bibi hawezi kuchagua. Hebu nyie msaidieni, mimi msiniulize. Je, nani alistahili kumtaja mtoto yule jina?