Tai Aliyeuamrisha Upepo wa Juu

Mlima kimya?
Una neno tumboni!
Nilitoe?
Litoe tulisikie!

Basi hapo kale alikuwapo Bi Pimbi, mnyama mdogo, hana mkia, hana pembe. Nyumba yake ilikuwa pango lenye mlango mwembamba usiopitisha tai, katika kilima kinachotazamana na mlima wa moto. Mumewe aliliwa na Tai, naye akakaa eda kama ada inavyotaka: hajipambi, hatoki. Mchana kutwa amelala humo juu ya jiwe na mwanawe wa pekee, Somoe, akimtaja Mola wake.

Alalaye juu ya jiwe husikia ya jiwe. Siku moja akasikia chini yake: gu... gu... gu... Akakumbuka maneno ya bibi yake: mlima ukifoka, hata upepo wa juu hupotea njia.

Mara, puu! Tai akatua mlangoni.

"Hodi, mjane!"

"Karibu, Bwana Tai. Uniwie radhi, sitoki, nimo edani."

"Mimi ndiye mwenye upepo wa juu. Nipe mtoto."

"Ngoja nimalize kulia, bwana."

Tai akaenda zake.

Siku ya pili jiwe likapata joto. Gu-gu... gu-gu... Puu!

"Hujamaliza tu?"

"Mume mmoja, bwana, machozi mengi."

Tai akaguna, akaenda zake.

Siku ya tatu jiwe likawaka kama kikaango. Gu-gu-gu-gu! Bi Pimbi akamkumbatia Somoe. Akasema polepole, "Ee Mola, baba yake umemchukua, sikunung'unika. Huyu niachie."

Puu!

"Leo siondoki!"

"Nitamtoa kwa mkono wangu, Bwana Tai. Lakini nampa mwenye upepo, simpi mpita njia. Upepo wa juu kabisa, tangu enzi za mababu, huenda machweo tu. Panda, uamrishe urudi mawio. Upepo ukigeuka, shuka umchukue."

"Na mama yake nitamla!"

"Na mama yake."

Tai akacheka. "Mwanamke wa eda, umefungiwa na jiwe, ya upepo utayajua wapi? Nitazame!"

Akapanda. Akawapita kunguru, akayapita mawingu, akapita penye baridi, akawa nukta.

"Geuka!" Upepo ukashika njia yake ileile.

"Geuka, nimesema!"

Mlima ndio uliojibu. BUUUM!

Nguzo ya moshi ikapanda, ikapanda, ikatoboa mawingu kama sindano inavyotoboa kanga, ikafika kule ambako hata ndoto za pimbi hazijafika. Huko ikafunguka. Mawimbi yakatoka kwenye ule moshi, duara baada ya duara, mbingu nzima ikatikisika kama bwawa lililotupiwa jiwe. Na ule upepo mkongwe, ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuuona ukigeuza uso wake, ukasita. Ukageuka. Majivu yote yakashika njia ya mawio.

Bi Pimbi, kichwa mlangoni, akasahau hofu. Akamsahau hata Tai.

"Subhanallah," akasema.

"Mama, nani kaugeuza?" Somoe akanong'ona.

"Si mimi, mwanangu. Wala si yule."

Yule alikuwa akibingirika angani, miguu juu, kichwa chini, vuuuu! akielekea mawio pamoja na majivu.

"Umegeuka! Nimeshinda!"

"Hongera, bwana!" Bi Pimbi akaitikia. "Huyu hapa mtoto, na mama yake huyu hapa. Mbona wapita?"

"Nakuja! Nakuja... naku..."

Yuaja mpaka leo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake wenu, makosa yake yangu, na uwezo wote ni wa Aliye Juu. Nayo yatufunza hivi: waheshimuni wakubwa, muwape kila wanachokitaka, mradi waje kukichukua wenyewe.