Mtamba wa Zipora

Ukifuta nadhiri, umefuta na dua. Maneno hayo vijana waliyasikia sinagogini siku chache kabla ya mwaka mpya wa Kiyahudi, asubuhi ambayo watu wa Gatondo hupita mbele ya wazee watatu ili wafunguliwe nadhiri zilizowashinda. Mzee mmoja alimwambia hivyo kijana aliyetaka kufunguliwa, na kijana akainamisha kichwa, akaondoka. Wenzake wakashindwa kuvumilia. Wakamfuata Cucu Yokebedi hadi jikoni kwake, maana kwa bibi huyo nyumba haikosi watu na watu hawakosi habari, wakamuuliza msemo ule umetoka wapi. Cucu akawasukumia karai la viazi, kila mmoja akapewa kisu amenye. Kisha akasema msemo ule una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mtu wa hapa hapa, na mambo yalikwenda hivi.

Mwenyewe aliitwa Zipora Wangeci. Alikaa upande wa juu wa Gatondo, kule ambako barafu nyembamba hulala juu ya kabichi mpaka jua likolee. Mumewe, Obadia, alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Alimwachia shamba la viazi, binti mmoja aitwaye Dina, na shemeji aitwaye Asafu Kibuchi, nduguye marehemu, ambaye shamba lake lilipakana na lake kwa upande wa chini.

Huyo Asafu ndiye habari yenyewe. Arobaini ya Obadia haijaisha, akaamka asubuhi na jembe, akang'oa maua ya mpaka, akayapanda upya hatua kumi na mbili ndani ya shamba la mjane. Mchana kweupe, watu wanapita, anawaamkia. Na Sabato iliyofuata akasimama sinagogini kama kawaida, shuka ya maombi mabegani, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Zipora alimtazama kutoka upande wa wanawake. Tangu siku hiyo hakumwita jina. Akilazimika kumtaja, alisema "yule wa chini".

Basi mwaka wa sita Dina akaugua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kucheka sana, na homa ikampanda kichwani akalala hospitalini siku tisa bila kufumbua macho. Zipora alikuwa na ng'ombe watatu. Wawili waliishia kwenye dawa. Akabaki na mtamba mmoja mweusi, mimba ya kwanza, amebakiza wiki tatu azae. Huyo ndiye aliyekuwa maziwa ya kesho, na mbolea ya kesho, na uhai wa nyumba nzima.

Siku ya tisa daktari alipita, akatazama, akaondoka bila kusema kitu. Zipora akashika mguu wa kitanda. Wanawake wa Gatondo waliokwenda kumjulia hali walikuwa wamesimama hapo, na wodi nzima ikamsikia. Alisema:

"Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, Dina akifumbua macho akaniita, yule mtamba ni wa maskini wa kwanza atakayesimama langoni kwangu kuomba."

Jua lilikuwa halijafika katikati wakati Dina alipofumbua macho na kuita, "Mama, nina kiu."

Hao wanawake hawakusubiri gari. Kufikia jioni Gatondo yote inajua, na mtaa wa pili unajua, na kila mtu amekwisha kumchagua maskini wake wa kwanza.

Dina alirudishwa nyumbani siku ya Jumatano, akitembea kwa kushika kuta. Alhamisi hakuja mtu. Ijumaa asubuhi, Zipora yuko kwenye unga wa mikate ya Sabato, akasikia hodi langoni. Akafuta mikono, akatoka. Aliyesimama pale alikuwa yule wa chini.

Asafu alikuwa amekonda. Watu walijua kwamba mnyauko umemaliza viazi vyake misimu miwili, kwamba nyumba yake imeungua, kwamba binti yake amekufa na kumwachia mtoto wa mwaka mmoja. Zipora pia alijua. Lakini kujua habari na kuiona imesimama langoni kwako ni mambo mawili.

"Shemeji," Asafu alisema. "Naomba unga wa uji. Ni wa mtoto."

"Miaka sita," Zipora akasema. "Miaka sita hujui lango hili liko wapi."

"Nilijua."

"Na neno lako la kwanza ni unga?"

Asafu alitazama chini. "Najua neno lililotakiwa kutangulia. Lakini mtoto hanywi msamaha, shemeji. Ana njaa tangu jana."

Zipora aliingia ndani, akachota kikombe kimoja cha unga, akampa kupitia juu ya lango bila kulifungua. Kisha akarudi akakaa kwenye kigoda, unga wa mikate ukiumuka mpaka ukamwagika nje ya bakuli, hajauona.

Majirani walijaa kabla ya saa sita. Nyumba ikawa kama ya harusi, ila hakuna aliyeimba.

"Alikuwa anajua," mmoja akasema. "Nani hajui habari ya mtamba? Amewahi."

"Kama angejua angekuja Jumatano kabla mgonjwa hajashuka garini," mwingine akajibu. "Yule hana hata wa kumpa habari. Nani anaongea naye?"

Mama Ketura, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na shauri lake. "Tuseme mimi ndiye niliyetangulia. Nilikuja Alhamisi nikaomba chumvi. Au sikuomba?"

"Wewe una ng'ombe wanne, Mama Ketura."

"Chumvi sikuwa nayo," Mama Ketura akasema, na wakacheka, hata Zipora akacheka kidogo. Lakini walipoondoka kwenda kuwahi Sabato, kicheko kiliondoka nao. Akabaki na Dina, na mtamba akicheua zizini.

Jumapili asubuhi akaenda kwa Mzee Hanania Githaiga, aliyekuwa akifundisha Torati pale Gatondo. Dina alikataa kubaki nyumbani, akaenda naye polepole akimshika mkono. Mzee Hanania aliwaita wazee wengine wawili wakawa watatu, kama sheria inavyotaka, wakakaa kwenye benchi la sinagogi. Dina akakaa karibu na mlango, kwenye jua.

"Nataka kufunguliwa," Zipora akasema.

"Tusikie kwanza nadhiri yenyewe," Mzee Hanania akasema. Zipora akairudia yote, hakuficha neno.

"Mzee, sharti halijatimia," akaongeza. "Mtoto bado anashika kuta."

"Ulisema akipona, au ulisema akifumbua macho akakuita?"

"Akifumbua macho akaniita."

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Basi sharti limetimia, mwanangu. Sharti ni lile ulilolitamka, si lile unalolitamani leo."

Zipora akavuta kanga mabegani. "Na yule wa chini si maskini. Ana shamba. Ana shamba langu pia."

Mzee wa pili akajibu hilo. "Shamba lililokufa halipiki uji. Kesi ya mpaka tutaikaa, na atajibu, nakuahidi. Lakini anayeomba unga wa mtoto ni maskini. Na Torati inasema maskini wa jamaa yako ndiye hutangulia."

"Mimi sikumkusudia yeye! Moyoni mwangu nilimtoa."

"Mdomoni ulimtoa?"

Zipora akatikisa kichwa.

"Nadhiri hukaa pale mdomo na moyo vinapokutana," Mzee Hanania akasema. "Neno lililobaki moyoni peke yake halifungi na halifungui."

Mzee wa tatu alikuwa mtu wa huruma, na alimjua Obadia. Akawageukia wenzake. "Jamani, mtamba hajashikwa kamba na maskini. Njia ipo. Tumfungulie mama huyu aende, ana mgonjwa wa kunywesha maziwa."

"Njia ipo," Mzee Hanania akakubali. Akamgeukia Zipora. "Sikiliza vizuri. Hatuwezi kukufungulia kwa sababu aliyekuja ni adui yako. Hilo ni jambo lililozuka baadaye, na nadhiri haifunguliwi kwa jambo lililozuka. Tutakuuliza swali moja tu: unajuta tangu mwanzo? Tangu pale kitandani, kabla Asafu hajaja, kabla hujajua lolote, unatamani usingeliyatamka maneno yale kamwe? Ukijibu ndiyo, kwa kweli ya moyo wako, sisi watatu tutasema, umefunguliwa, umefunguliwa, umefunguliwa. Na hapo nadhiri haikatwi kuanzia leo. Inang'oka na mzizi. Inakuwa kana kwamba siku ile, mbele ya kitanda kile, hukusema kitu."

"Sema tu ndiyo, mama," mzee wa tatu akanong'ona. "Ni neno moja."

Zipora akafungua mdomo. Alilitaka neno lile, wala hakuna wa kumlaumu. Alimwona mtamba wake akikokotwa kushuka kwa mtu aliyemnyang'anya hatua kumi na mbili. Aliona majira ya baridi bila tone la maziwa. Neno lilifika kwenye ulimi, na lilipofika hapo akaona kitu kingine: mguu wa kitanda, rangi imebanduka, na mkono wake mwenyewe umeushika. Akajiona yuko pale tena, siku ya tisa, daktari amepita kimya. Na safari hii mwanamke yule amenyamaza. Amefumba mdomo, hajaomba, hajaahidi, anangoja tu.

Akageuka akamtazama Dina mlangoni. Msichana alikuwa amelala usingizi kwenye jua, kichwa kwenye nguzo, mdomo wazi kama mtoto.

"Siwezi," Zipora akasema.

"Huwezi nini, mwanangu?"

"Siwezi kusema sikuyataka maneno yale. Niliyataka. Yalikuwa kitu pekee nilichobaki nacho." Akawageukia wazee wote watatu. "Mnaniambia nifute nadhiri. Na dua je? Zilitoka kwa pumzi moja, mzee. Nikifuta nadhiri, nimefuta na dua. Mtoto wangu atakuwa amesimama juu ya nini?"

Mzee wa tatu alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

Zipora hakulala na jambo hilo. Alitoka sinagogini akampeleka Dina kitandani, akaenda zizini, akamfunga mtamba kamba, akateremka naye njia ya chini. Watu walitoka milangoni. Hakumwamkia mtu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Gatondo, hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Asafu alikuwa uani kwenye kibanda cha mabati, amempakata mjukuu. Alipowaona alisimama.

"Huyu ni wako," Zipora akasema. "Amebakiza wiki mbili azae. Anapenda majani yaliyokauka kidogo, usimpe yenye umande."

"Shemeji, mimi..."

"Ngoja. Sijakusamehe, Asafu. Mambo ya shamba tutakutana mbele ya wazee, na utajibu. Mnyama huyu si msamaha na wala si zawadi yangu. Ni mali ya Mungu, amepita kwangu tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina kwa miaka sita. Asafu alipokea mnyama, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akaanza kufungua kamba shingoni ili amrudishie, maana hapa kwetu anayetoa ng'ombe hurudi na kamba yake, ili baraka ya zizi isimfuate mnyama.

"Iache," Zipora akasema. "Sikuahidi mtamba nusu."

Akapanda njia yake mikono mitupu. Hiyo ndiyo iliyowaliza wanawake waliokuwa wakichungulia, si mtamba, ni ile mikono.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Zipora na Dina walikunywa chai ya rangi, na siku ambazo Mama Ketura alileta maziwa walikunywa ya maziwa. Wazee walikaa kesi ya mpaka miezi mitatu baadaye, na ilikuwa ngumu, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Dina aliacha kushika kuta.

Cucu Yokebedi alipofika hapo, karai lilikuwa limejaa viazi vyeupe na hakuna kijana aliyekuwa bado anamenya. Mmoja akauliza kama Zipora aliwahi kujuta.

"Mtamba alimjutia mpaka kufa," Cucu akasema. "Kila akiona ng'ombe mweusi anageuza uso. Lakini zile pumzi alizopumua akiwa ameshika kitanda, hizo hakuruhusu mtu aziguse. Ndiyo maana mwenzenu ameambiwa vile asubuhi. Wazee hawakumkatalia kufunguliwa. Wamemtaka akumbuke kwanza alikuwa akiomba nini siku alipoahidi, na kama yuko tayari kusema hakuomba. Ukifuta nadhiri, umefuta na dua."