Mitungi Myekundu ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vitanda kama sisi, aliishi Bi Kindi, fundi wa mitungi. Mwenyewe kadogo, lakini mitungi yake! Ukiigonga inaitika ngweee!

Udongo aliuchimba kwenye shimo la mtoni aliloachiwa na bibi yake. Siku moja akamkuta Kifaru kalala mdomoni mwa shimo.

"Shimo hili langu," akasema Kifaru.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu nilipolala hapa. Tena mimi ni mfinyanzi kukushinda wewe!"

Mfinyanzi, na kwato zile! Bi Kindi akakimbilia kwa Jumbe Nyati, mkuu wa kijiji, machozi yanamtoka. Bila udongo, watoto wake wangekula nini?

Jumbe akamwita na Kifaru, akaamua, "Kesho gulioni kila mmoja alete mtungi wake, ninywee maji. Mwenye mtungi bora ndiye mwenye shimo."

Bi Kindi akajua tu kwamba Kifaru atakuja kuiba. Akaianika uani mitungi aliyotoka kuisugua kwa kokoto, myekundu, inang'aa kweli kweli. Kando yake akaweka iliyotoka motoni, ina madoa ya moshi.

Alasiri, du! du! du! Kifaru huyo, hata hodi hakupiga.

"Chukua wowote, baba," Bi Kindi akalia, "ila hiyo inayong'aa niachie, nakusihi! Chukua huu wenye masizi."

"Masizi? Mimi? Unanichezea wewe!" Kifaru akabeba mtungi uliong'aa kuliko yote, huyoo, akaenda zake.

Bi Kindi akafuta machozi yake ya uongo, akacheka mpaka akashika mbavu.

Gulioni Kifaru akapita kifua mbele. "Tazameni kazi ya fundi!" Wakamshangilia. Bi Kindi alipotoa mtungi wake wenye madoa, wakamzomea, "Uuuu!" Yeye akauweka tu mbele ya Jumbe.

Jumbe akaujaza maji mtungi wa Kifaru, kisha akaanza kuhutubia, na hotuba za Jumbe mnazijua, hazina mwisho. Alipouinua hatimaye anywe, mtungi ukalegea, ukamomonyoka, pwaaa! Tope kifuani, tope puani, tope mpaka kwenye pembe!

"Kifaru!" Jumbe akanguruma. "Mtungi huu uliuchoma?"

"Kuuchoma? Mtungi mzuri hivi niuchome kwa nini?"

Lo! Gulio zima likaangua kicheko. Hata kitoto cha mfinyanzi kinajua kuwa mtungi usiopita motoni, ukitiwa maji, unarudi kuwa udongo.

Jumbe akajipangusa, akanywa maji kwa mtungi wa Bi Kindi mpaka tone la mwisho. "Shimo ni lake," akasema, "na la wanawe, na la wajukuu zake!"

Vigelegele vikapasua hewa. Waliomzomea ndio waliombeba Bi Kindi juu juu mpaka mtoni, naye anacheza huko huko mabegani. Kifaru? Vumbi tu lilionekana.

Basi wanangu, anayeiba kazi ya mwenzake huondoka na umbo tu, ufundi hubaki kwa mwenyewe.